Kujua Kiswahili Si Kujua Kutafsiri

Wasee, leo nataka tugombane kidogo.

Kuna mchezo umezoeleka hapa Nairobi. Mtu akisema anasomea masta ya tafsiri, mnamcheka. "Masta ya nini? Ya kugeuza Kiingereza kiwe Kiswahili? Si hiyo hata Google inafanya bure?" Halafu yule yule anayecheka akipewa fomu ya bima kwa Kiswahili, anairudisha dirishani akiomba ya Kiingereza, ati hii imemshinda.

Mimi nasema hivi, na mnirushie mawe mkitaka: katika masta zote unazoweza kusoma pale University Way, hii ni kati ya chache ambazo nchi inahitaji kesho asubuhi. Na anayesema hivyo ni mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili na hajawahi kumshauri yeyote hapa akimbilie makaratasi. Sijabadilika. Bado naona digrii nyingi ni foleni ndefu ya kungojea kazi ambayo haiko. Lakini hii kesi yake ni tofauti, kwa sababu ikikosekana wanaoumia si watu wa Lavington. Ni watu wa upande wa pili wa barabara, Kawangware.

Kwanza tuelewane ni nini tunaongelea. University of Nairobi ina Kituo cha Tafsiri na Ukalimani, na kiko kwenye muungano mmoja na vyuo vya Ghana, Kameruni, Senegali na Msumbiji. Tafsiri ni ya maandishi. Ukalimani ni wa mdomo. Ni kazi mbili, na mtu anaweza kuwa moto kwa moja na awe bure kabisa kwa nyingine.

Sasa nyinyi mnadhani huko ndani watu wanakariri kamusi. Zii. Jambo la kwanza utakaloulizwa kwenye taaluma hii ni lugha zako ziko daraja gani. Lugha A ni ile unayoimiliki kabisa, ya kuota nayo na kugombana nayo. B ni ile unayoweza kufanyia kazi vizuri ingawa si yako ya kwanza. C ni ile unayoielewa vizuri lakini hutafsiri kwenda kwayo. Hebu jipime hapo ulipo. Sheng na mabeshte, Kiingereza kazini, Kiswahili na makanga, na lugha ya nyumbani unayomwelewa nayo shosho lakini unamjibu kwa Kiswahili. Wengi wetu, tukisema ukweli, tuna C tatu nne na hakuna A hata moja. Na bado tunasema kutafsiri ni rahisi.

Ukalimani wa mikutano ndio kabisa. Uko kwenye kibanda, unasikiliza lugha moja masikioni na unaongea nyingine mdomoni kwa wakati mmoja. Kazi hiyo inachosha ubongo hadi huwa wanapokezana, kama nusu saa kila mmoja. Jaribu kurudia tu taarifa ya saa moja usiku kwa Kiswahili hicho hicho, nyuma ya msomaji, dakika tano bila kusimama. Kisha urudi tuongee.

Mnataka mifano ya kwa nini hii si mambo ya wasomi tu? Chukua saa. Daktari anaandika mgonjwa arudi saa mbili alasiri kwa hesabu ya Kiingereza. Kwa Kiswahili hiyo ni saa nane mchana. Mtu asiyejua kazi anaiacha "saa mbili", na mathe anaamka gizani Uthiru, anapanda matatu, anafika saa mbili asubuhi na kukaa kwenye benchi saa sita nzima na mtoto mgonjwa. Au chukua neno "chanya". Kwa Kiswahili cha kawaida fikra chanya ni fikra nzuri. Sasa mwambie mtu aliyepimwa ugonjwa kwamba "matokeo yako ni chanya", kisha umtazame akitabasamu na kwenda nyumbani.

Au chukua neno letu la mtaani, "kudunga". Ukiniambia jamaa alikuwa amedunga jaketi nyeusi, mimi naona mtu amevaa poa. Mzee aliyesoma Kiswahili cha vitabu anasikia habari ya kutoboa, ya sindano au kisu. Sasa weka neno hilo kwa mdomo wa kijana wa Kangemi aliyesimama mbele ya hakimu.

Na hapo ndipo mambo yanakuwa mazito. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema ukishikwa uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa. Kifungu cha 50 kinasema kama mshtakiwa haelewi lugha ya kesi, apewe mkalimani bila kulipa. Maneno matamu. Lakini ingia korti yoyote ya hapa mjini uangalie ni nani anafanya kazi hiyo. Mara nyingi ni karani wa korti. Karani huyo huyo anapanga mafaili, anaita majina, na katikati ya hayo yote anatafsiri. Simlaumu. Anafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Ninalouliza ni hili: kwani tunaweza kumwajiri mtu aendeshe gari la serikali bila kumfundisha gia? Mkalimani wa kanisani akiteleza, watu wanacheka na kusema amina. Wa korti akiteleza, mtu analala rumande.

Sasa sikilizeni hii, kwa sababu inaniuma. Februari 2009, pale Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, kulifanyika mkutano wa Afrika nzima kuhusu jinsi ya kufunza watu wa kazi hii. Ajenda ilitaja makundi matatu: wafasiri, wakalimani wa mikutano, na wakalimani wa huduma za umma. Hao wa tatu ndio wa hospitali, polisi, korti, ofisi ya chifu. Yaani miaka yote hii iliyopita watu wenye akili zao walikaa Nairobi hii hii wakasema mathe wa Uthiru pia anahitaji mkalimani. Leo kundi la pili linajulikana, lina vibanda na vipaza sauti. Kundi la tatu nitafutieni liko wapi. Nenda hospitali ya umma iliyo karibu nawe uulize mkalimani anakaa chumba gani. Utaonyeshwa nesi anayetoka sehemu ile ile na mgonjwa. Akiwa likizo, atafsiri mtoto wa mgonjwa. Mtoto wa miaka kumi anamweleza mama yake habari za uzazi wake mbele ya watu.

Kwa hivyo naelewa mkisema masta hii ni ya kupeleka watu Gigiri. Ni kweli pesa iko huko, na lugha za pesa ni sita: Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kichina, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakimo. Umoja wa Mataifa unasoma habari kwa Kiswahili, mwaka 2021 UNESCO ikakipa siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai, lakini kwenye lugha rasmi bado kiko nje ya geti. Kila 7 Julai, sisi wengine tukikumbuka Saba Saba, waheshimiwa wanavaa kitenge, wanatoa hotuba, wanapiga picha. Kesho yake wanarudi ofisini kuandika barua kwa Kiingereza.

Na wasijifanye hawajui. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Fungua kifungu cha 259: tafsiri za Katiba zikigongana, ya Kiingereza ndiyo inashinda. Yaani hata mahali Kiswahili kimepewa kiti cha mbele, kuna mtu amekiambia kisogee nyuma kama abiria wa Kencom aliyelipa nusu nauli. Nchi ikishasema hivyo kwa maandishi, nani atashangaa kwamba haitengi pesa za kumwajiri mfasiri?

Najua mtaniambia Nyerere alitafsiri Shakespeare bila masta ya tafsiri. Sawa, tuongee juu ya Nyerere. Alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963. Hakuridhika. Mwaka 1969, akiwa rais na nchi nzima mabegani, akaitoa upya ikiwa imesahihishwa, kwa jina Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Tazama hilo neno "mabepari". Angeweza kuandika wafanyabiashara na hakuna ambaye angelalamika. Akachagua neno lenye hukumu ndani yake. Huyo ni mtu aliyejua kwamba kutafsiri ni kuamua, na kwamba ukiamua vibaya unarudia. Mfano wake haunionyeshi kuwa kazi ni rahisi. Unanionyesha kuwa hata kichwa kama kile kilihitaji kurudi mezani. Wewe unataka broshua ya dawa ifanywe na binamu ya bosi Ijumaa jioni.

Na akili bandia? Mimi hutumia ChatGPT kila siku, sina aibu. Inasaidia. Lakini mashine inaongea kwa ujasiri ule ule ikiwa sawa na ikiwa imepotea. Ili ujue imekosea, lazima uwe unajua. Anayejua hahitaji kuogopa mashine, na asiyejua hana namna ya kuikagua. Na dozi ikigeuzwa vibaya, mtoto akadhurika, nani ataitwa ajibu? Simu yako?

Juni 2024 sisi wenyewe tulionyesha hii kazi ina nguvu kiasi gani. Mswada wa Fedha ulikuja na Kiingereza chake cha mawakili. Vijana wakaukata vipande, wakauweka kwa video, kwa Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya, kwa lugha za nyumbani. Mama mboga akajua ushuru gani unamgusa wapi. Tarehe 25 barabara zikajaa, na tarehe 26 Rais akasema hatatia sahihi. Si tafsiri peke yake iliyofanya hivyo, na kuna watu walilipa kwa maisha yao. Lakini bila watu kuelewa ule mswada, hakungekuwa na kitu cha kukataa. Swali langu ni kwa nini ilibidi vijana wasiolipwa, usiku, kwa bando zao, wafanye kazi ambayo Bunge lingepaswa kuifanya kabla ya kutuita kwenye ushirikishwaji wa umma. Utashirikije kwa kitu hujasoma?

Na huo upande wa kutolipwa ndio unanileta kwa wale wa ofisi za Westlands. Kampuni moja iliwahi kunitumia skripti ya kurasa sita, wakitaka Kiswahili safi pamoja na Sheng kufikia asubuhi. Malipo? Kunitaja kwenye posti. Aliyechora picha alilipwa. Aliyekodisha kamera alilipwa. Maneno, yale ambayo mteja atayasikia na kuyaamini, ndiyo yalikuwa ya bure, kwa sababu "si wewe unajua Kiswahili?" Watu kama hao ndio wanafanya masta ya tafsiri ionekane kichekesho. Nani atalipa karo ya miaka miwili ili aje aombwe hisani?

Kwa hivyo mimi siwaambii nyote mkajiandikishe. Karo ni karo, na najua mifuko yenu kwa sababu najua wangu. Ninachotaka ni vitu vitatu, na havihitaji muujiza.

Kwanza, korti na hospitali za umma ziwe na nafasi za kazi zenye jina la mkalimani, zenye mshahara, na zenye mtihani wa kuingilia. Nafasi zikiwepo, darasa litajaa lenyewe.

Pili, vyuo vifungue mlango wa pili. Masta iwepo kwa wa Gigiri, lakini kuwe na kozi fupi ya miezi michache kwa yule nesi, yule karani, yule dada wa Kangemi mwenye lugha tano na kidato cha nne. Lugha anazo tayari. Anachokosa ni maadili ya kazi: kutoongeza, kutopunguza, kutunza siri, na kusema "sijaelewa, rudia" mbele ya hakimu bila kuogopa.

Tatu ni yetu sisi. Tuache kutafsiri bure kwa watu wenye bajeti. Mathe wako akileta barua ya hospitali, msomee, hiyo ni damu. Chama cha mtaa kikitaka msaada, saidia. Lakini kampuni ikikutumia skripti na kusema ni kitu kidogo tu, uliza bei ya kila neno, uliza nani atapitia kazi baada yako, na uliza jina la nani litaandikwa chini. Wakikasirika, waambie watumie Google, kisha waweke sahihi yao hapo chini.

Na wewe unayeisoma hiyo masta sasa hivi, unayechekwa na mabinamu kila Krismasi: soma, maliza. Kisha kabla ya kuvuka kwenda Gigiri, pitia Kibera Law Courts siku moja ya kazi, ukae nyuma, usikilize. Uhesabu mwenyewe ni mara ngapi mtu anaulizwa kitu na kujibu kingine. Ukitoka hapo uniandikie ulichosikia. Nitakiweka hapa, na nitakulipa.