Mwanamfalme wa Uajemi na Kivuli Chake

Mwaka 1989 Jordan Mechner, Mmarekani aliyekuwa na umri wa miaka 25, alitoa mchezo wa kompyuta uitwao Prince of Persia, ambao ndani yake mfungwa mmoja hupewa dakika 60 tu kuvuka mashimo, miiba ya chuma na panga za askari ili amwokoe binti sultani mikononi mwa waziri dhalimu, Jaffar. Na yeyote aliyepata kuzisoma hadithi za Alfu Lela Ulela katika tafsiri ya Kiswahili ya Edwin Brenn hatajiona mgeni humo, ingawa atasikitika kidogo kuona jina la Jaafar, yule waziri mwaminifu wa Khalifa Harun Rashid, limevishwa uovu lisiostahili.

Utamu wa mchezo ule haukutokana na wingi wa nyenzo, bali na uchache wake. Mechner alimpiga picha za video ndugu yake mdogo akikimbia na kuruka, akazinakili moja moja, hata umbo lile dogo la kwenye kioo likapata uzito wa mwili wa binadamu. Na kumbukumbu ya kompyuta ya Apple II ilipomwishia, asipate nafasi ya kumchora adui mwingine, aliichukua sura ile ile ya shujaa, akaigeuza kidogo kwa hesabu, na papo hapo kikazaliwa kivuli chake. Kila dharuba ampigayo kivuli humwumiza shujaa mwenyewe. Sharti aurudishe upanga alani, ndipo nafsi mbili zile zikutane na kuwa moja. Nathubutu kusema kwamba fundi mwenye nafasi tele asingalilifikiria jambo hilo kamwe.

Mwaka 2007 kampuni ya Ubisoft iliutoa tena mchezo huo kwa jina la Prince of Persia Classic, kuta zikiwa zimetiwa nakshi mpya. Sina ugomvi na nakshi. Ninayoipinga ni dhana, ambayo naisikia hata katika vibanda vyetu vya gemu hapa Dodoma, kwamba toleo jipya likishatoka la zamani ni taka. Wachoraji wa kale wa miambani hawakuwa na dhana hiyo: huko Kolo, wilayani Kondoa, waliotumia rangi nyeupe walichora juu ya michoro myekundu ya waliowatangulia pasipo kuikwangua, na kwa sababu hiyo mwanaakiolojia Mary Leakey, alipokwenda kuinakili mwaka 1951, alizikuta zama mbalimbali juu ya jabali moja.

Duka la mtandaoni la Xbox 360, ambamo toleo lile la 2007 liliuzwa, lilifungwa Julai 2024, ilhali asili ya mchezo ingali hai: mwaka 2012 baba yake Mechner alizikuta diski za zamani katika sanduku, wajuzi wakazisoma, na mwanawe akayaweka maandishi ya programu hadharani kwa kila mwenye kutaka kuyasoma. Lau walimu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dodoma wangeniomba ushauri, nao hawajaniomba, ningewaambia wawape wanafunzi wao maandishi hayo kabla ya zana yoyote ya kisasa, wakitafute humo kivuli kile kwa macho yao wenyewe, kisha wajaribu kutunga mchezo wa ngano za Kigogo katika kumbukumbu isiyozidi ile.