Mambo ya Nyumbani: CD Zinazosomeka kwa Taabu

Katika nyumba zetu nyingi liko sanduku la CD zilizokusanywa kwa miaka ishirini au thalathini: tilawa za Qur'ani, darsa za masheikh, kasida za maulidi, na khasa zile zilizorekodiwa nyumbani, ambazo ndani yake imo sauti ya babu akiwausia wanawe au ya bibi akisimulia khabari za kwao. Zilizonunuliwa dukani huenda zikapatikana tena. Hizi za nyumbani aghalabu hazina pacha popote duniani. Na kwa kuwa kompyuta nyingi za siku hizi hazina tena mahali pa kutilia CD, watu wameona bora wazihamishe sauti hizo mapema. Ni rai njema. Walakini wengi huifanya kazi hii mbio mbio. Wakiona kompyuta imesema imekwisha, huitupa CD, kumbe kilichonakiliwa kina mapengo.

Sababu yake yataka kufahamiwa. CD ya sauti ilibuniwa na Philips ya Uholanzi pamoja na Sony ya Japani, ikaanza kuuzwa huko Japani mwaka 1982. Upana wake ni milimita 120. Sauti imeandikwa kwa vishimo vidogo mno vilivyopangwa katika njia moja inayozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, na mwale wa leza huvisoma. Sekunde moja tu ya sauti ni baiti 176,400, zilizogawanywa katika mafungu 75. Wabunifu walijua vyema kuwa kitu hiki kitashikwa na mikono ya watoto, kwa hiyo wakaikinga kwa hesabu waliyoitoa Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Kwa hesabu hiyo khabari za mahali pamoja hutawanywa mbali mbali, zikaongezewa tarakimu za ziada, hata sehemu ikipotea yaweza kujulikana ilikuwa nini kwa kutazama zilizosalia. Pengo la kiasi cha milimita 2.5 katika njia hiyo laweza kuzibwa pasibaki kosa lolote.

Likizidi hapo, ndipo penye khatari. Chombo hakisemi kuwa kimeshindwa, hubahatisha. Hutazama kilicho kabla ya pengo na kilicho baada yake, kikatia cha wastani katikati. Pengo likiwa refu, hunyamaza. Hivyo ndivyo kilivyofunzwa, kwa sababu kiliundwa kwa ajili ya sikio, na sikio husamehe mengi. CD zenye maandishi na picha za kompyuta zimewekewa ngao ya pili ambayo hizi za sauti hazina. Basi barua ikiharibika kompyuta hukataa kuifungua, bali sauti yaweza kunakiliwa pamoja na kasoro zake kimya kimya. Katika wimbo huenda mtu asijali. Katika tilawa, mahali pa madd palipokatika au neno lililomezwa ni jambo jingine kabisa, maana mtoto atakayejifunza kwa nakala ile atajifunza na pengo lake.

Kabla ya kuigusa kompyuta, itazame CD yenyewe. Isafishe kwa kitambaa laini, ukipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni wala si kwa kuzungusha. Kwani mkwaruzo unaoikata njia ya vishimo hupoteza kidogo tu katika kila mzunguko, lakini ule unaofuatana na njia hula khabari nyingi kwa mfululizo. Maji na sabuni hafifu yatosha. Usithubutu petroli wala dawa ya kuondolea rangi. Kisha iinue mbele ya taa. Ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, ile ngozi ya madini imebanduka, na hapo hapana programu itakayorudisha kilichokwenda. Watu huulinda upande wa chini unaong'aa na kuubwaga upande wa maandishi, hali ya kuwa ngozi hiyo iko upande wa maandishi, imefunikwa kwa rangi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini waweza kutibika. Wa juu ndio msiba.

Ama CD zilizorekodiwa nyumbani, hizo hazina vishimo. Zina tabaka ya rangi iliyounguzwa kwa leza, na rangi hiyo huchakaa kwa jua, joto na unyevu. Mwenye kuzikalisha dirishani au ndani ya gari na azitangulize katika kazi hii.

Sasa vijana, zamu yenu. Wanaotumia Windows wanayo programu ya Exact Audio Copy, aliyoiandika Andre Wiethoff, na wa Linux wanayo cdparanoia. Ubora wa programu hizi ni kuwa haziamini usomaji wa mara moja. Exact Audio Copy, ukiiweka katika hali yake ya usalama, hulisoma kila fungu mara mbili na kulinganisha. Yakikhitilafiana hurudia tena na tena mpaka majibu mengi yakubaliane, au ikuambie ni dakika ipi na sekunde ipi pana shaka. Lakini chunga: draivu nyingi huweka akiba ya kile zilichokwisha kusoma, na zikiulizwa tena hutoa kutoka katika akiba bila ya kurudi kwenye CD. Huko ni kumwuliza shahidi mmoja mara mbili ukadhani unao mashahidi wawili. Katika mipangilio ya programu iko sehemu ya kuizuia akiba hiyo, usiiruke.

Kwa CD za dukani iko njia nyingine iitwayo AccurateRip, inayolinganisha nakala yako na za watu wengine walioinakili CD ile ile. Sauti ya bibi haina wa kulinganishwa naye. Hiyo inakili mara mbili, uone kama nambari za uhakiki zinalingana.

Zikikataa, punguza kasi ya draivu. Zikikataa tena, tafuta draivu nyingine, hata ya kuazima kwa jirani, kwani hizi hukhitilafiana sana, na kikongwe chaweza kusoma kilichomshinda kijana. Mambo ya kung'arisha CD kwa dawa ya meno yaachwe mwisho kabisa, baada ya kupata kila kilichoweza kupatikana, maana mkono ukikosea huongeza mikwaruzo. Na msiwe na haraka: sehemu ya dakika tano yaweza kuchukua saa nzima na zaidi.

Ikiwa sehemu moja imegoma kabisa, usiziache nyingine kwa ajili yake. Nakili zote zilizo nzima, kisha ile mbovu uichukue kwa usomaji wa kawaida, uisikilize pale programu ilipoonyesha, na uandike katika jina lake kuwa ina pengo na ni dakika ya ngapi. Hifadhi kwa mtindo wa FLAC, ambao haupunguzi chochote katika sauti, uweke nakala mahali pawili mbali mbali. CD yenyewe irudishe katika jalada lake, kabatini, mbali na jua.