Mtoto Anayeogopa Kurusha

Mama mmoja ametulalamikia kwamba mwanawe wa miaka 14, aliyekuwa hashikiki katika mpira wa kikapu, sasa akipewa mpira humpasia mwenziwe upesi kama kaa la moto. Kocha humtoa uwanjani kila akikosa.

Wapo watakaosema michezo ya huku Marekani ndivyo ilivyo. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009, na msimu wake wa kwanza haujaisha, timu ikamteremsha ligi ndogo. Lakini yeye alikuwa mtu mzima wa miaka 23, tena mwenye mshahara. Huyu wetu sauti yake bado haijakomaa.

Nasi tulipofundisha tulikuwa wakali. Yuko mwanafunzi tuliyemkaripia kwa jibu moja la hesabu. Hakunyoosha tena mkono hadi mwaka ukaisha, nasi tukadhani amepata adabu.

Tumemshauri mama huyo amwendee kocha faraghani, amwombe amtajie kijana jambo moja tu la kurekebisha wiki hii, na akikosa amwache aendelee kucheza. Nyumbani naye aache kuuliza, “Umefunga vikapu vingapi?” Jumamosi tutakwenda kumtazama.