Kompyuta ya Michezo Isiyopiga Kelele

Askari atokaye lindo la usiku anastahili usingizi wake wa mchana, na kijana wake naye ana hamu ya kucheza. Chumba ni kimoja. Basi anunuaye vifaa asiangalie nguvu peke yake.

Chanzo cha kelele ni joto. Kadi ya michoro ndiyo mlaji mkubwa wa umeme: GeForce RTX 4060 hutumia wati 115, ilhali RTX 4090 hufikia 450, na umeme huo wote hugeuka joto ambalo sharti feni zilitoe. Ya kwanza yatosha nyumbani. Ya pili, kwa maoni yangu, ni fahari ya bure. Feni ya milimita 140 husukuma hewa sawa na ile ya 120 ikizunguka polepole zaidi, hivyo haivumi sana. Diski ya SSD haina kitu kizungukacho, nayo ni kimya. Pawasaplai iwe na uwezo uzidio mahitaji, feni yake isihangaike.

Sisi wa Bweyeye, ubavuni mwa msitu wa Nyungwe, tumejaliwa hewa ya baridi. Adui wetu ni unyevu. Kompyuta isiwekwe sakafuni wala penye ukuta uliolowa, na vumbi lipanguswe kwa brashi laini, umeme ukiwa umezimwa.