Kuhesabu Lugha Pasipo Kuisikia

Limezuka neno katika vyuo vyetu, nalo husemwa kwa sauti kubwa na kupokewa bila maswali. Husemwa kwamba siku za mtaalamu wa lugha kupanda milima na kulala vijijini zimekwisha. Kwamba kompyuta, ikipewa orodha za maneno na maandishi yaliyokwisha kukusanywa, yatosha kutuonyesha jinsi lugha zitofautianavyo mahali hata mahali, na jinsi zibadilikavyo wakati hata wakati. Nimelisikia neno hili mikutanoni, nimelisoma katika mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wangu na, kwa aibu, nimepata kulisema mimi mwenyewe. Nakusudia kulipinga. Kompyuta sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na uvivu uliovikwa joho la kompyuta.

Nianze na kosa langu, maana si haki kumnyoshea mwenzio kidole huku umeficha doa la nguo yako. Miaka kadhaa iliyopita nilipata orodha kumi na mbili za maneno ya Kisambaa kutoka vijiji mbalimbali vya Usambara. Zilikuwa zimeandikwa na mikono miwili, mmoja wa zamani na mmoja wa karibuni. Nikaziingiza katika programu ilinganishayo maneno herufi kwa herufi, ikapima umbali baina ya kijiji na kijiji, kisha ikachora mti. Ulikuwa mti mzuri. Ulikuwa na matawi makubwa mawili yaliyoachana waziwazi, na kila tawi lilibeba vijiji vyake bila fujo. Nikakaa nikaandika makala, nikatangaza kwamba katika milima ile mna lahaja mbili zilizotengana tangu kale, na nikathubutu hata kubuni sababu za kutengana kwake.

Kabla makala haijaenda kupigwa chapa nilipanda Lushoto kwa shughuli nyingine. Wanaoijua njia ile wanajua jinsi gari litokavyo Mombo na joto lake, likazunguka kona moja baada ya nyingine hadi Soni, na kutoka huko likaingia katika ubaridi wa Lushoto. Siku ya soko nikaketi karibu na bibi mmoja muuza matunda, nikamwamkia, tukazungumza, na nilipoona amenizoea nikatoa karatasi yangu. Nikamsomea maneno mawili mawili: hili la tawi la kwanza, hili la tawi la pili, nikamwuliza lipi ni la kwao na lipi ni la watu wa upande wa pili. Alinisikiliza kwa subira kwa jozi tano au sita, kisha akacheka.

"Mwanangu," akasema, "mbona ni neno lile lile unalirudia? Mara ya kwanza umelisema vizuri, mara ya pili umelisema kama mgeni. Nani alikuandikia?"

Nani alikuandikia! Swali hilo sikujiuliza mwaka mzima nilipokuwa nikiitazama ile kompyuta. Nilirudi nikazichunguza orodha upya. Mwandishi mmoja aliiandika sauti ya *sh* kwa herufi moja yenye alama juu, mwenziwe kwa herufi mbili. Mmoja aliiandika *l* kati ya irabu kila alipodhani ipo, mwingine hakuiandika kila alipokuwa haisikii. Mmoja aliunganisha, mwingine alitenga. Programu yangu ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu kabisa: ilitenga kalamu mbili. Lahaja mbili nilizitia mimi. Makala ile sikuipeleka.

Wapo watakaojibu kwamba hilo ni kosa la mwanagenzi, na kwamba mtaalamu makini husawazisha tahajia kwanza ndipo ahesabu. Jawabu hili ni jepesi kuliko lionekanavyo. Ili kusawazisha tahajia za watu wawili, yapasa ujue kila mmoja alisikia sauti gani alipoandika herufi yake. Na hilo hulijui kwa kutazama herufi, hulijua kwa kuisikia lugha. Tazama jina lenyewe la nchi. Krapf, aliyefika mbele ya Mfalme Kimweri huko Vuga mwaka 1848, aliiandika Usambara, kama tuiandikavyo katika Kiswahili hata leo. Karl Roehl alipotoa sarufi yake mwaka 1911 aliiita lugha hiyo ya Washambala. Steven Feierman, katika historia yake ya ufalme huo iliyotoka mwaka 1974, aliandika Shambaa. Na wenyewe nchi yao huiita Shambaai.

Mpe mtu wa mezani majina hayo na miaka yake. Atakuambia kwamba mwaka 1848 palikuwa na *r*, mwaka 1911 ikawa *l*, na mwaka 1974 sauti imekufa. Atakuchorea mstari ushukao taratibu kwa miaka 126, na mstari huo utapendeza. Lakini hawa ni masikio mbalimbali: sikio la pwani, sikio la Ujerumani, sikio la Marekani, na la mwenye lugha. Si vizazi vinne vya kinywa kimoja. Pengine kinywa nacho kimebadilika, sikatai. Lakini kiasi gani ni badiliko la kinywa na kiasi gani ni tofauti ya sikio, hilo halimo katika herufi. Limo kwa mzee na mjukuu wake wakisemeshwa siku moja, nyumba moja, na sauti zao zikirekodiwa.

Shahidi wa pili yumo katika milima ile ile, naye ni mzito zaidi. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Morris Swadesh alieneza njia ya kupima umri wa lugha kwa orodha ya maneno ya msingi. Alidai kwamba katika orodha ya maneno 100 lugha huhifadhi yapata 86 katika kila 100 kwa muda wa miaka elfu; basi hesabu yale yanayofanana katika lugha mbili, piga hesabu, nawe utajua zilitengana lini. Wengi wameikana saa hiyo ya Swadesh, lakini tabia yake ya kuiamini orodha ya maneno pekee inaishi bado ndani ya programu nyingi tuzitumiazo.

Chukua orodha hiyo uende nayo kwa Wambugu wa Usambara. Watu hawa wana namna mbili za kusema. Katika namna moja maneno yao ni ya Kibantu, yaliyo karibu sana na Kipare. Katika namna ya pili, iitwayo Kima'a au Kimbugu cha ndani, sehemu kubwa ya maneno ya msingi yana asili ya Kikushi, na mengine ya Kimasai. Lakini ngeli, viambishi na upatanisho wa sentensi ni vile vile vya Kibantu. Meinhof aliwaandika tangu mwaka 1906, Whiteley akarudi kwao mwaka 1960, na Maarten Mous akatoa kitabu kizima juu yao mwaka 2003 baada ya kukaa nao na kuwasikiliza. Sasa mwulize Mmbugu mmoja maneno 100 asubuhi kwa namna ya kwanza, na jioni kwa namna ya pili. Programu ihesabuyo maneno itamweka asubuhi katika ukoo wa Kipare, na jioni itamfukuza katika Ubantu wote. Mtu ni yule yule, na sarufi ni ile ile. Mous alieleza kwamba wenyewe waliyajenga maneno yao ya pekee ili wajitofautishe na majirani. Nia ya watu kutaka kuwa tofauti ni sababu kubwa ya lugha kubadilika. Nia hiyo haina safu katika jedwali lolote nililopata kuliona.

Shahidi wa tatu ni wa Kiswahili chenyewe. Leo tunayo makusanyo makubwa ya maandishi ya Kiswahili. Lile la Helsinki, lililoasisiwa na Arvi Hurskainen, limefikia maneno yapatayo milioni 25. Ni hazina, nami hulitumia kila muhula. Lakini aghalabu ni magazeti na vitabu, yaani Kiswahili kilichokwisha kunawishwa uso na wahariri. Na maandishi yana wenyewe. Yule yule Roehl wa sarufi ya Kisambaa ndiye aliyetafsiri Biblia yote kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1937. Mtu huyo alishikilia kwamba Kiswahili kina maneno ya Kiarabu kupita kiasi, akayapunguza kwa makusudi katika tafsiri yake na kuweka ya Kibantu. Hebu mwanafunzi asiyejua habari hii aingize Biblia hiyo katika mashine kuwa kielelezo cha Kiswahili cha miaka ya 1930. Ataona Kiarabu kimepungua ghafula. Akifuatisha Biblia ya mwaka 1952 iliyochukua mahali pake, huenda akaona kimerudi. Ataandika sura nzima juu ya kupwa na kujaa kwa maneno ya Kiarabu Afrika ya Mashariki, hali bahari haikupwa wala haikujaa. Alikuwapo mfasiri mmoja mwenye maoni yake.

Nikifika hapa nawaona baadhi ya wazee wenzangu wakitikisa vichwa kwa furaha. Husema: tulijua, kompyuta ni mchezo wa vijana, turudi kwenye daftari na penseli. Wasifurahi upesi. Mgawanyo wa lugha za Kibantu uliofanywa na Guthrie kwa herufi na namba ulikitia Kisambaa na Kibondei katika kundi la G20 pamoja na Kipare, ukakipeleka Kizigua G30. Waliokuja kuuonyesha ukoo ulio karibu zaidi, wa Kisambaa, Kibondei, Kizigua na Kinguu, ukoo uitwao Seuta, ni watu kama Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, na walitumia mambo mawili kwa pamoja: hesabu za maneno na kanuni za mabadiliko ya sauti. Nurse na Gérard Philippson walikusanya katika miaka ya 1970 orodha za maneno yapatayo elfu kwa lugha nyingi za Tanzania, na orodha hizo hulisha kompyuta hata leo. Mwaka 2015 Rebecca Grollemund na wenzake walichora mti wa lugha za Kibantu zaidi ya 400. Hakuna daftari na penseli iwezayo kazi hiyo. Tena wazee hawa wenye kudharau hesabu, ukiwauliza ni Wasambaa wangapi walioisema sauti fulani na wangapi wameiacha, hujibu "wengi" na "wachache". Wengi ni wangapi? Wachache ni akina nani? Elimu iliyoridhika na maneno hayo haina haki ya kumcheka ahesabuye.

Basi tufanyeje? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kilicho mlimani nacho kina sharti lake. Nasema mambo matatu.

La kwanza, tasnifu yoyote ya tofauti za lugha itumiayo kompyuta ieleze, kwa kila neno lililohesabiwa, nani alilisema, wa wapi, wa umri gani, na nani aliliandika. Isiyoweza kueleza hayo isipite, hata kama mchoro wake una rangi saba.

La pili, tukusanye sauti kabla ya herufi. Kisambaa ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hutenga maana na hutenga wakati wa kitenzi. Ruth Besha, mwalimu wa wengi wetu, alitoa kitabu cha njeo na hali za kitenzi cha Kisambaa mwaka 1989. Akisomaye ataona ni mengi kiasi gani yamo katika kitenzi kimoja. Orodha isiyo na toni imekwisha kutupa nusu ya ushahidi kabla hesabu haijaanza. Na hapa ndipo kompyuta ing'aapo kweli, maana hupima mwinuko wa sauti kwa usawa ambao sikio lililochoka haliwezi.

La tatu, idara zetu za Kiswahili zimfundishe mwanafunzi mmoja mambo yote mawili: kuandika programu na kuketi sokoni. Leo tunawatenga. Mmoja anajua kuhesabu, hajui anahesabu nini. Mwenziwe anajua alichosikia, hawezi kukipima. Na kinachorekodiwa Lushoto nakala yake ibaki Lushoto, mahali ambapo watoto wa waliorekodiwa wataweza kuisikia.

Haya si mambo ya kungoja. Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009 ilionyesha lugha zipatazo 150 nchini mwetu. Lugha ya shule ni Kiswahili na Kiingereza, na mjukuu wa Kisambaa hamjibu bibi yake kama mama yake alivyomjibu. Badiliko tunalodai kulichunguza linapita mbele ya macho yetu sasa hivi, vibarazani, nasi tumeinama mezani tukihesabu herufi za mwaka 1911.

Kwa yule asiyekubali maneno yangu nina ombi moja. Achague maneno 20 ambayo mashine yake imesema yanazitenga lahaja mbili za Usambara. Apande nami Lushoto siku ya soko, ayasome kwa sauti mbele ya wenye lugha, na awaulize ni ya nani. Wakimkubalia, nitaifuta makala hii hadharani. Wakicheka, nimemwonyesha pa kuanzia.