Kansere ya maini: damu inaweza kusema mapema, lakini nani anapimwa?

Mutu wa miaka makumi tatu na kitu anaanza kukonda. Tumbo linavimba, macho yanakuwa manjano. Huku kwetu Kivu, mbele ya kuwaza munganga, familia inaulizana: nani alimupa karuho? Wanazunguka kwa wenye kutapisha sumu, franga zinaisha, na siku anafika ku hospitali, ekografi inaonesha uvimbe mukubwa ndani ya maini.

Sisemi kama sumu haiko. Lakini maini yanaweza kuharibika bila mutu kukulisha kitu. Mara mingi ni virusi ya hepatiti B, yenye wengi wanapata wakati wa kuzaliwa ao wakingali wadogo, na inakaa kimya miaka mingi. Ukiongeza karanga ao mahindi yenye kuota ukungu, yaani sumu ya aflatoksini, hatari inazidishwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2017 uliangalia wagonjwa wa nchi 9 za Afrika, Uganda na Tanzania ndani yake. Ukitosha Misri, nusu ya wagonjwa hawakumaliza miezi 3 kisha ugonjwa kuonekana.

Ndiyo maana habari ya vipimo vya damu inatugusa. Kipimo cha zamani kinaitwa AFP. Ni protini yenye maini ya mtoto tumboni yanatengeneza. Kisha kuzaliwa inashuka, lakini uvimbe wa kansere unaweza kuianzisha tena. Wanasayansi wa Urusi waliigundua kwa panya mwaka wa 1963, na kwa watu mwaka wa 1964. Matata yake: mama mwenye mimba, AFP yake inapanda. Hepatiti ikichacha, inapanda pia. Na kansere changa mingi haiipandishe hata kidogo. Kwa watu wenye maini yameshakuwa magumu, hesabu ya mwaka wa 2018 ilionesha kama ekografi peke yake inakamata karibu 45 kwa kila kansere 100 zingali changa. Ukiongeza AFP, inafika 63. Ni afadhali, lakini zaidi ya tatu ku kumi zinapita.

Kwa hiyo watafiti wanachanganya alama. Kuna PIVKA-II, protini ya kugandisha damu yenye imetengenezwa vibaya. Kuna hesabu ya GALAD, iliyotoka Uingereza, inayounganisha umri, kama ni mume ao muke, na alama tatu za damu. Wengine wanatafuta ndani ya damu vipande vya ADN vya uvimbe. Huko Gambia walikuta ndani ya damu ya wagonjwa kasoro moja ya ADN yenye aflatoksini inapenda kuacha. Ile inafanana sana na maisha yetu sisi wenye kula karanga na mahindi.

Mimi naona tunaanzia pa mwisho. Kipimo hata cha bei kali kinasaidia ule anayejulikana kama yuko ndani ya hatari, na anayerudi kila miezi 6. Mutu aliyekimbia vita mara mbili kwa mwaka, fishi yake ilibakia wapi? Tena uvimbe ukionekana ungali mudogo, inaomba munganga wa kuukata ao kuuchoma. Kama hayuko, umemupa mugonjwa habari tu.

Damu ya kwanza ya kuuliza ni ya hepatiti B yenyewe: tone moja la kidole, jibu dakika chache. Virusi ikionekana haimaanishe kansere. Inamaanisha kufatwa, na kwa wengine dawa ya tenofoviri, ile ile yenye wenye ukimwi wanameza. Lakini mahali pengi Afrika dawa ile inapita ku programu ya ukimwi, na mwenye hepatiti peke yake anaambiwa ajitafutie. Pale ndipo wakubwa wa afya wanapaswa kuulizwa.

Na wewe uliyetoa damu kwa ajili ya ndugu yako ku hospitali: damu ile inapaswa kupimwa hepatiti mbele ya kupewa mugonjwa. Kama waliikatala, rudi ku labo, uulize sababu. Jibu ni lako. Bibi yako na watoto nao wapimwe, na wenye hawana virusi wachanjwe.