Mwanagenzi wa uchoraji hahitaji duka zima

Kila shule zifunguliwapo mwezi wa Januari, maduka ya vitabu hufurika wazazi walioshika orodha mikononi. Mwaka huu nilisimama nyuma ya mama mmoja ambaye orodha ya mwanawe wa Gredi ya Nne ilitaka, kwa somo la Sanaa peke yake, penseli za rangi 24, rangi za maji 12, krayoni, burashi sita na daftari kubwa la michoro. Mama huyo aliuliza bei, akahesabu fedha zake mara mbili, kisha akarudisha kila kitu rafuni isipokuwa krayoni za bei ya chini kabisa. Lililonisikitisha ni kwamba, katika vyote vilivyokuwa mbele yake, alichukua kile ambacho kingemfaa mtoto kwa uchache zaidi.

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, vifaa vya masomo ya vitendo vimekuwa kilio cha wazazi wengi. Katika baadhi ya madarasa, mtoto asiyekuwa navyo huambiwa aketi kando awatazame wenzake. Hapo mtoto hujifunza kwamba sanaa ni ya wenye pesa, na funzo hilo halimtoki upesi.

Wahenga walinena kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Hoja yangu ni kwamba mwanagenzi wa uchoraji anahitaji vifaa vichache vilivyochaguliwa kwa makini, na kwamba wingi wa vifaa humdhuru hata yule ambaye mzazi wake ana uwezo.

Mimi ni mwanaisimu, na lugha yenyewe ndiyo inayonipa mfano. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema kitambaa cheupe, jiwe jeusi, ua jekundu. Majina mengi ya rangi nyingine tuliyachota katika vitu vilivyotuzunguka: kijani katika majani, kijivu katika majivu, kahawia katika kahawa, zambarau na chungwa katika matunda, manjano katika kiungo cha mchuzi, na samawati katika neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha utafiti wa lugha nyingi wakadai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Wazee wetu hawakungoja kuwa na majina 24 ndipo waanze kuieleza dunia. Walianza na machache, wakayaongeza kwa kutazama.

Mchoraji naye na aanze vivyo hivyo. Tuchukue penseli kwanza. Penseli ya HB tuandikiayo ni ngumu kiasi, na kivuli chake huwa hafifu. Herufi H huonyesha ugumu, nayo B huonyesha weusi na ulaini. Kadiri nambari iliyo mbele ya B inavyopanda, ndivyo kiini cha penseli kinavyozidi kuwa laini na alama yake kuwa nyeusi. Penseli mbili, moja ya 2B ya kuchorea mistari na moja ya 6B ya kutilia vivuli, zamtosha mwanafunzi kwa muda mrefu.

Cha pili ni karatasi, na hapa ndipo sipendekezi ubahili. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina uzito wa gramu 80 kwa mita moja ya mraba. Ikipakwa rangi ya maji hujikunja, ikasuguliwa hutoboka, na mtoto hudhani kosa ni lake. Karatasi nzito, ya gramu 150 hivi au zaidi, huyastahimili maji. Iwekwe kwa ajili ya kazi ya rangi pekee. Mazoezi ya penseli na makaa yanaweza kufanywa kwenye upande mtupu wa karatasi zilizokwisha kutumika, ambazo kila ofisi ya shule huzitupa.

Cha tatu ni rangi. Mwanafunzi apewe nne tu: nyekundu, manjano, samawati na nyeupe. Manjano na samawati huzaa kijani. Nyekundu na manjano huzaa rangi ya chungwa. Nyekundu na samawati huzaa zambarau. Na zote tatu zikichanganywa hutoa rangi nzito inayokaribia weusi. Nyeupe huzififisha zote. Mtoto aliyenunuliwa kijani kilicho tayari hupaka kila jani kwa kijani hicho hicho, liwe la mgomba, la mkahawa au la mparachichi. Yule anayelazimika kukichanganya mwenyewe sharti kwanza alitazame jani na kujiuliza lina manjano kiasi gani. Kule kutazama ndiko somo lenyewe.

Cha nne ni burashi. Mbili zatosha: moja pana na bapa ya kupakia maeneo makubwa, nyingine ya mviringo yenye ncha kwa mambo madogo. Kabla ya kununua, zivute nywele zake kidogo; zikitoka, usiichukue. Ile ya mviringo, ikilowekwa maji, yapaswa kurudi kwenye ncha yake. Baada ya kazi ioshwe, na isiachwe imesimama kwa nywele ndani ya kopo, maana hupinda isirudi tena.

Kuhusu krayoni za bei ya chini, nyingi huwa na nta tele na rangi haba. Huteleza juu ya karatasi, wala hazichanganyiki. Boksi la rangi 24 za namna hiyo humpa mtoto majina mengi na uwezo mdogo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mara nyingi hujitembeza ndani ya boksi lenye picha ya kupendeza.

Aidha, kuna vifaa visivyouzwa dukani kabisa. Sisi tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4 tunakumbuka kufinyanga udongo wa mtoni na kusokota kamba za mkonge kwa somo la Sanaa na Ufundi. Makaa ya kuchorea hutengenezwa kwa vijiti vyembamba vilivyoambuliwa maganda, vikafungiwa ndani ya mkebe wenye tundu dogo kwenye kifuniko, na mkebe ukawekwa motoni na mtu mzima hadi moshi ukome. Udongo mwekundu wa nyanda za juu na udongo mweusi wa mbuga za Athi, ukisagwa, ukachekechwa na kuchanganywa na gundi au kiini cha yai, huwa rangi kamili. Tena ni rangi ya kudumu, kwa kuwa wekundu wa udongo hutokana na chuma kilichoshika kutu, na chuma hicho hakipaushwi na jua. Maji ya majani au ya bizari hupendeza siku ya kwanza, lakini hupauka yakikaa kwenye mwanga.

Wapo watakaosema kwamba ninawapamba maskini kwa umaskini wao. Hoja hiyo ina uzito, na siidharau. Lakini tumtazame Rosemary Karuga, aliyesomea sanaa Makerere kuanzia mwaka 1950, akawa mwalimu wa shule. Alipoirudia sanaa katika miaka ya 1980, alikata karatasi za kufungia sabuni na mifuko ya unga, akabandika vipande vyake hadi vikawa watu na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Studio Museum in Harlem mjini New York. Huko Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza mnamo mwaka 1968 kuchora kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vibao vya ujenzi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Sisemi kwamba uhaba ndio uliowafanya wasanii. Nasema kwamba uhaba haukuwazuia kwa sababu walikijua vyema kifaa kilichokuwa mikononi mwao.

Hata hivyo, mwalimu asimwige Tingatinga katika jambo moja. Rangi za kupaka milango, kuta na magari zisitumiwe na watoto, kwani baadhi zimewahi kuwa na madini ya risasi, na mvuke wa tapentaini hudhuru mapafu. Kwa mtoto, rangi na iwe ile inayooshwa kwa maji.

Walimu wenzangu, orodha huandikwa na sisi, na sisi ndio tunaoweza kuifupisha. Darasa la watoto 40 halihitaji maboksi 40 ya rangi. Chupa nne kubwa, burashi za kugawana kwa zamu na rundo la karatasi nzito, vikinunuliwa kwa pamoja, hugharimu kiasi ambacho wazazi wanaweza kuchangia kidogo kidogo, na hapana mtoto atakayeketi kando. Nanyi wanafunzi wa vyuo vya ualimu, kabla hamjamtaka mtoto alete kitu, kijaribuni wenyewe. Changanyeni kijani kumi kwa rangi mbili, ndipo mjue la kumwambia.

Yule mama dukani alikuwa na fedha za kutosha penseli ya 6B, burashi moja na chupa ndogo ya rangi. Aliondoka na krayoni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia kipi kitangulie. Kumwambia ni kazi yetu, na hugharimu mstari mmoja tu katika orodha.